Geti la Baba na Kilemba Changu

Bhairopur, jirani na geti la reli,
Bihar.
14 Mei 2019

Mpendwa Dada Phulbasia,

Pokea salamu zangu, mimi mdogo wako Jagdeo. Hujambo huko Jamshedpur? Magoti bado yanalia kama bawaba kavu? Mimi mzima, ila meno yamebaki mawili, nayo hayasemezani.

Harusi ya mjukuu wangu Bablu imepita salama. Bibi harusi mzuri, kamzidi bwana kimo. Lakini kuna aibu nataka uisikie kwangu kabla wambeya hawajakupigia simu.

Unaikumbuka harusi yako. Baba alinyimwa likizo, akawa zamu getini na yunifomu yake siku unayoolewa. Msafara wa mumeo ukafika na farasi na matarumbeta, geti limefungwa, treni ya mizigo yenyewe haionekani. Marehemu mkweo akafoka, "We mzee, unatuzuia sisi? Mimi si mkwe wako?" Baba, bendera mkononi, akamjibu, "Treni ikishapita nitakuwa mkwe wako, na miguu nitakuosha. Sasa hivi mimi ni mlinzi wa geti." Ukakaa ndani na hina yako mpaka wali ukapoa. Ukweni wakakuita Binti Geti hadi umezeeka.

Basi siku ya harusi ya Bablu ikawa zamu yetu. Geti lile lile, limefungwa. Siku hizi analishika binti mmoja, Anjum. Msafara mzima ukanitazama mimi. Nikavimba kama puto: "Binti, unamjua baba yangu? Ramsubhag! Geti hili ni lake. Hebu inua hicho kizuizi."

Akaniuliza kwa upole, "Babu, yeye angeinua?"

Na mimi, badala ya kutulia, nikainama nipite chini ya kizuizi. Kilemba kikanasa, kikanivuka. Anjum akanidaka shati, akanivuta nyuma kama mbuzi mkorofi, na papo hapo treni ikapita, abiria wakiukodolea macho upara wangu. Bablu alicheka nusura aanguke kwenye farasi.

Nami nilicheka, kwa mdomo tu. Nimelitumia jina la baba nifunguliwe geti ambalo yeye hakulifungua hata kwa ajili ya mwanawe.

Tangu siku hiyo siwezi kuitazama picha yake ukutani. Kila asubuhi mke wangu Sugia ananipa shada la maua nimvishe, nami nasingizia mgongo. Mwezi ujao ni kumbukumbu ya kifo chake. Njoo, Dada. Umvishe wewe, Binti Geti. Mimi nitasimama nyuma yako, nisubiri mpaka niruhusiwe.

Nisalimie shemeji Ramashish. Mwambie farasi wake siku ile alikuwa na subira kuliko baba yake. Binti yako Munia na wanawe nao wasalimie, na Sugia anakuamkia. Mungu akulainishie magoti, upande treni bila kusukumwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, kichwa wazi,

Jagdeo