Kitochi cha Masanja

Jumapili

Chaji, chaji. Niliwaza chaji tu. Kaka Masanja anaswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Biharamulo hadi Murusagamba, na njiani hakuna umeme, ndiyo maana nikamwambia aache simu kubwa, achukue kitochi, kisimu cha tochi kinachokaa na chaji wiki nzima.

Leo amepiga akiwa Ntobeye. Sauti safi kabisa. "Mpe mama nimsalimie."

Nikamwekea mama simu sikioni. Mama hasikii siku hizi, hata nikipiga kelele. Kaka akiwa mbali huwa anamwonyesha uso kwenye ile simu kubwa, wanachekeana, basi. Sikulikumbuka hilo.

Mama akaishusha, akautafuta uso kwenye kioo, akanirudishia. "Hamna mtu humu."

Amedhoofika sana. Sijui kama atamngoja kaka arudi.

Kaka alikuwa bado anasema shikamoo mama.