Tuligeuka Katikati ya Maji

Baba,

Nisamehe nimechelewa kukuandikia. Tangu tukuzike nimezaa, nimenyonyesha, nimefua, nimerudi majini, nimekwenda ng'ambo na kurudi, na kila nikishika kalamu mtoto anashika karatasi. Lakini Jumamosi tunapanda basi kwenda Kitgum kumaliza msiba wako, na sitaki kufika kaburini mikono mitupu. Nitakusomea hapo hapo, kwa Kiswahili hiki cha kambi ya jeshi ulichonilea nacho, hata dada zako wanaotaka lugha ya kwenu wakinuna.

Mjukuu wako ni msichana. Anaitwa Aber. Amechukua masikio yako, maskini, na akilia utadhani ni askari aliyesahauliwa zamuni.

Na nilikwenda, Baba. Ile kambi ya mazoezi ya waogeleaji uliyoiota mpaka ukaacha kuitaja, nilichaguliwa, nikapelekwa Uturuki. Mtoto nilimwachia Mama hapa kambini Mbuya, nikalia kutoka getini mpaka Entebbe. Mama na Kiswahili chake cha Kongo alinifokea tu, "Wende! Mutoto hawezi kufa juu ya uji," yaani uji hautamuua.

Sasa nikuambie msafara ulivyokuwa, ucheke huko uliko. Waogeleaji tulijaa meza moja. Viongozi walijaa mbili. Mwenyekiti wa chama chetu, yule uliyemwita Mkavu kwa sababu hajawahi kulowa isipokuwa kidevu akinywa bia, alimleta mkewe awe mlezi wa wasichana. Huyo mlezi tulimwona siku ya kufika na siku ya kuondoka, hapo kati alikuwa anawalea wenye maduka. Daktari wa timu alikuwa shemeji yao, muuza vipuri vya magari. Mwenzetu mmoja alipobanwa na msuli, daktari alimkanda kwa bidii sana, mguu usiouma.

Mkavu mwenyewe alisimama ukingoni, saa ya kupima muda shingoni, tumbo limetangulia. Kila nilipogusa ukuta alinitangazia muda ambao hata sangara hana. Siku moja nikachungulia ile saa. Haijawashwa.

Lakini aibu yenyewe tuliifanya sisi waogeleaji. Unajua mabwawa yetu ya Kampala, ya hoteli na ya shule, ni mafupi. La kule lilikuwa refu mara mbili. Asubuhi ya kwanza kocha wao alipuliza filimbi, tukaruka. Mwili umeshazoea, ukipiga mikono kiasi fulani unajua ukuta umefika. Nilipofika katikati nikajikunja, nikapinduka, nikatupa miguu nijisukume. Miguu haikukuta kitu. Nikabaki naelea tumbo juu kama chura. Nikageuza kichwa, na timu nzima ya Uganda ilikuwa imepinduka pale pale, kila mtu anapapasa kwa miguu akitafuta ukuta wa kwao.

Waturuki walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha akauliza kwa upole, kwenu kuna nini katikati ya bwawa? Mkavu akamjibu bila kupepesa macho kwamba huo ni mtindo wetu mpya, bado tunaufanyia utafiti.

Nililia ndani ya miwani, Baba. Si kwa ajili ya Mkavu, huyo hana thamani ya chozi. Nilikumbuka Jumapili zetu pale ziwani Luzira, baada ya misa, ulivyokuwa ukinifunga jerikeni tupu la njano kiunoni kwa kamba ili nisikupotee machoni, halafu unanifuata na mtumbwi wa kuazima, filimbi mdomoni. Nikiuliza niende mpaka wapi, ulikuwa unapiga kelele, "Kuruta! Usinitafutie ukuta hapa. Ogelea!" Tangu ufe sikuwa nimekanyaga ziwani. Sikuweza. Nilikuwa nazunguka tu kwenye yale mabeseni ya hoteli, na mwili ukasahau.

Basi siku zilizofuata niliogelea kana kwamba mtumbwi wako uko ubavuni. Maziwa yalijaa, nguo ya kuogelea ikabana mpaka naona nyota. Nilikuwa naenda bafuni nayakamua, namwaga chakula cha mwanangu kwenye shimo la maji machafu la watu, napangusa uso, narudi. Hadi tunaondoka nilikuwa nawapita wote wa timu yetu, akiwemo mpwa wa Mkavu, msichana anayeogelea mbio zangu. Yule ni mtoto mzuri. Kosa lake ni ukoo.

Ndipo kwenye chakula cha kuagana Mkavu akasimama, akaninyooshea kijiti cha meno. "Mama Aber, tunakushukuru, umefika mwisho. Sisi tunapeleka waogeleaji, hatupeleki kliniki ya wazazi. Nafasi yako kwenye timu ya taifa mwachie mpwa wangu, na kwenye mchujo usijisumbue kuja." Zile meza mbili zikacheka.

Baba, nilisimama nikampigia saluti yako. Ile uliyokuwa ukiwapigia wakubwa uliowadharau, iliyonyooka mno, ya polepole mno, macho yanapita juu ya kichwa cha mtu kama vile anayestahili amesimama nyuma. Mtu hawezi kukushtaki kwayo, na kila mtu ameelewa.

Mkavu akageuka kuangalia ni nani yuko nyuma yake.

Mchujo ni mwisho wa mwezi huu. Nimeshawaambia wenye kuandikisha kwamba nipo, na nimerudi ziwani. Mama anakaa ufukweni na Aber mapajani, ananigombeza tangu naingia mpaka natoka. "Achana na ule mubaba, hana hata haya. Lakini uogelee!" Jerikeni najifunga mwenyewe. Ubavuni hakuna mtu. Hapo ndipo... basi, tuyaache hayo.

Nakuahidi hivi. Nitaogelea. Nitashika ukuta kabla ya mpwa wake, nitatoka majini, nitamnyonyesha mwanangu mbele ya meza ya viongozi mpaka ashibe, kisha nitampigia Mkavu saluti nyingine, azoee. Na Aber akikua kidogo, jerikeni linamngoja.

Pumzika, afande wangu. Sikusumbui kwa mengi, nitumie tu haya machache: mlio mmoja wa ile filimbi tuliyokuzika nayo, uje nikifika katikati ya maji, usingizi mzito kwa Aber usiku wa kuamkia mchujo, ile shingo yako isiyoinama, na wimbi moja, hata dogo, la kumlowesha Mkavu walau mpaka magotini.