Baba Aliyeuacha Ushindi Wake Maguu

Baba,

Shikamoo. Mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa neno jingine.

Kahawa tumeshachuma. Mvua ilichelewa, ila mahindi yamesimama vizuri. Habari za kwaya ni ndefu, nitafika huko.

Hapa Maguu bado wanakuita mwalimu wa ushindi. Mwaka ule kwaya yetu uliyoifundisha ilipozishinda kwaya zote za jimbo, nilikuwa msichana wa sauti ya kwanza, nimesimama mstari wa mbele na gauni aliloshona Mama. Tulirudi juu ya lori tukiimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo tukawa tunaisimulia siku hiyo kwenye kila harusi, na mazoezi tukayaacha polepole, kama watu walioshiba.

Wewe hukushiba. Kwenye jubilei ya parokia, mshereheshaji alikuita mbele usimulie tena. Ulisimama umeshika kofia, ukasema, "Siku ile Bwana alitusaidia, namshukuru. Lakini mana ya jana ikilazwa hutoa funza. Mazoezi ni Jumatano." Ukakaa. Watu walicheka. Jumatano tulikuwa wawili tu kanisani, wewe na mimi.

Ndipo ulipomwomba Padri akupeleke mahali pasipo na kwaya. Katika umri ambao wenzako wanaomba kiti cha kuotea jua, ukateremka ziwani, kwenye kigango cha wavuvi, kikanisa kidogo karibu na Lituhi. Mama alikuwa ametangulia kwa Bwana, na mimi nilikulilia usiende. "Skola, huko hawanijui," ulisema. Nilidhani unalalamika, kumbe unafurahi.

Nilipokuja kukutembelea nilikukuta kwenye kibanda cha nyasi na wanaume wanaonuka dagaa wa usipa, mmoja akiimba kama anayeita mtumbwi. Uliwafundisha neno kwa neno, nusu Kiswahili, nusu Kinyasa chako kibovu. Wakakucheka matamshi, nawe ukacheka nao. Wakati wa kula nikakuuliza kwa nini hujawaambia wewe ni nani. Ukajibu taratibu, ukichambua miiba ya samaki: "Wangeniimbia mimi. Nataka wamwimbie Mungu."

Sijawahi kukupenda kama siku ile, Baba. Sikukwambia.

Kisha ikaja homa ile.

Tulikurudisha Maguu, tukakuzika karibu na Mama. Kwaya yetu ilikuandalia wimbo wa ushindi. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili tukakwama, kwa sababu waliokuwa wanashika besi walikuwa wameshausahau. Tukabaki tunatazama chini, huku udongo haujaanza hata kutupwa.

Nyuma yetu walikuwa wavuvi wako. Walikuwa wamepanda milima kwa gari la mizigo, wakitetemeka kwa baridi yetu ndani ya mashati mepesi. Wakaanza kuimba wimbo uliowatungia huko ziwani. Hakuna mtu wa Maguu aliyewahi kuusikia. Sauti zote nne zilikaa mahali pake. Nililia, na haikuwa kwa msiba peke yake. Miaka yote ambayo sisi tulikuwa tunakusimulia, wewe ulikuwa unatunga.

Baada ya mazishi, mwenyekiti wa kwaya yetu aliwaomba watufundishe. Walibaki mpaka kesho yake. Siku hizi Jumatano kanisa lina watu, na besi wanakemewa kama enzi zako. Nilikuwa na hofu kwamba kigango kitatawanyika, lakini Mama Tekla, yule muuza samaki uliyemfundisha kuongoza, ndiye anayewashika. Wanasema ni mkali kukuzidi.

Na mimi, Baba. Padri ameniomba nikafundishe watoto wa kijiji cha Mapera ambao hawana kwaya. Nilimwambia nimezeeka, muda wangu ulishapita. Usingizi ukanikataa, nikijua ungeniambia nini. Asubuhi nikaenda kumwambia nimekubali. Wengi wanaimba kwa pua, na kuna binti mmoja anayepiga kelele kuliko wote, naye ana sauti nzuri kupita yangu ya zamani.

Kwaheri, Baba. Bwana uliyemtumikia mpaka mwisho akupe raha kwake. Nakuahidi, Noeli watoto hawa wataimba wimbo ambao mimi na wewe hatujawahi kuuimba, nami nitamweka binti yule mbele, nisimame pembeni nisikilize.

Mwanao,
Skola