Hakuna Mabadiliko

Jumatatu, 3 Machi

Lenzi imekwama tena. Inatoka nusu, inalia krii, inarudi ndani — kama kobe aliyebadili nia. Nimeipiga kofi dogo ubavuni, ikakubali. Mwaka wa tisa huu, mimi na hii kamera ya mfukoni. Ni yangu, si ya ofisi. Ofisi inatoa betri na shukrani, na shukrani zenyewe kwa mgawo.

Nyufa za leo: kumi na moja, majengo matatu. Kazi ni ileile ya kila mwezi, kuona kama nyufa za nyumba hizi za wapangaji zinapanuka. Nasimama kwenye alama ya rangi niliyochora sakafuni, nabandika rula ukutani kando ya ufa, flashi inawaka, picha. Nasoma upana. Halafu kwenye fomu naandika: Hakuna mabadiliko. Sahihi yangu. Ufa unaofuata.

Jengo D nililiacha mwisho. Ule wa ngazini, mrefu kunizidi. Milimita mbili, miaka mitatu sasa. Fundi cherehani, mama ambaye mlango wake unatazamana na ufa, kanikuta nafuta lenzi kwa shati. Akauliza huyu mchumba wangu nitamwoa lini, maana uchumba umezidi. Nikamwambia bado nachunguza ukoo wake. Akacheka hadi akatema pini alizokuwa amezibana mdomoni.

Dada yangu anakaa ghorofa ya pili, jengo hilohilo. Sikupanda kumsalimia. Haraka tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita duka la kamera. Kuangalia tu — ndivyo nilivyomwambia muuzaji, na ndivyo wanavyosema wote, akanijibu.

Akanipa mkononi kamera kubwa, DSLR ya wanaoanza. Nzito kiasi. Ukibonyeza inasema kla! Mlio wa kitu kinachojua kazi yake. Muuzaji akaeleza kwamba lenzi inabadilishwa: nitaanza na hii, baadaye nitataka nyingine, kisha nyingine. Nikamwuliza mwisho wake ni wapi. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa hivyo.

Bei: mshahara wa mwezi na nusu. Nimeirudisha mezani taratibu kama yai.

Sababu za kununua: picha safi, haikwami, ule mlio. Sababu za kutonunua: haiingii mfukoni. Mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anasema kamera ninayo. Nikasema imechakaa. Akasema hata yeye si mpya, je, nimeshaanza kutafuta?

Kuna maswali hayana jibu salama.

Kisha akanitolea ile methali ya ufa na ukuta. Loo! Kila anayeijua kazi yangu lazima anitolee. Baba mkwe aliitoa siku ile ile naenda kuposa, mbele za watu, wakacheka hadi wakapanguza machozi. Siiandiki hapa. Hapa angalau napumzika.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwuliza mkuu wa kitengo kuhusu kubadili kamera. Huyu tunamwita Bwana Fomu, na anajua. Akavua miwani, ishara kwamba jibu ni hapana. Kamera nyingine, macho mengine, anasema. Picha za zamani zitalinganishwa na nini? Alama, rula, flashi. Hiyo ndiyo kanuni na ndiyo inayotulinda. Halafu akauliza kama kuna mpangaji aliyelalamika. Hakuna.

Nilitaka kubisha, nikakumbuka kanuni hiyo niliiandika mwenyewe. Ukurasa mmoja, nimeupigia mistari kwa rula. Umebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Kusema kweli, bado naona uliandikwa vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Pasipoti kaniazima kamera. Pasipoti ni rafiki yangu wa studio ya pale kona. Anapiga picha za vitambulisho, watu wasiocheka, tangu asubuhi hadi jioni. DSLR yake ya zamani, ya daraja lilelile ninalolitaka. Wiki moja, akasema, halafu utajua kama ni mapenzi au tamaa.

Sharti moja: flashi nisiiguse. Flashi ya mbele ni mgeni mwenye adabu, anasema, haoni kasoro ya nyumba. Ukitaka kujua uso wa kitu, subiri mwanga utoke ubavuni.

Maneno mengi kwa mtu anayepiga mandhari ya pazia la bluu. Lakini nimechukua kamera.

Jumapili, 16 Machi

Nimemjaribia mke wangu, karibu na dirisha. Picha nzuri! Kila unywele unaonekana. Akaitazama muda mrefu, akasema nimemwongezea mikunjo.

Nikasema mikunjo ilikuwepo.

Chakula cha mchana nimekula peke yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Jengo D, saa mbili na nusu asubuhi. Si siku ya ukaguzi. Nilitaka kulinganisha kamera mbili, basi. Saa hiyo jua linaingia kwa dirisha la ngazini na kuupitia ukuta kwa ubavu. Nikasimama kwenye alama yangu. Kla!

Kwenye kioo cha kamera, kando ya ufa, kuna mstari mweusi. Chini mwembamba, juu mnene. Nikadhani uchafu. Nikasugua ukuta kwa mkono wa shati. Si uchafu.

Nikapitisha kidole. Ukucha ukakwama. Nikapandisha kidole hadi usawa wa bega — ukucha wote ukazama.

Ule mstari ni kivuli. Upande wa kulia wa ukuta umetoka mbele kuliko wa kushoto. Ufa haujapanuka hata kidogo. Rula bado inasema milimita mbili, na rula haisemi uongo. Ila hujibu kile tu unachoiuliza. Nilichukua sarafu nikailaza upande wa kushoto, usawa wa bega, ikigusa ukingo. Uso wake ukawa sawasawa na uso wa ukuta wa kulia.

Miaka mitatu. Sijawahi kuugusa kwa kidole.

Fundi cherehani akachungulia, akasema, ahaa, leo umemshika mkono! Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Jumanne, 18 Machi

Nimezifungua picha zote za ufa wa D kwenye kompyuta. Thelathini na tano. Zote flashi, zote bapa, nyeupe kama karatasi. Haiwezekani kujua ukuta umeanza kutoka mbele lini. Labda mwaka jana. Labda wiki iliyopita. Labda ulijengwa hivyo.

Labda ulijengwa hivyo. Sentensi nzuri hii. Nimeirudia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi nilirudi na kamera zote mbili. Kwanza kubwa. Kivuli kipo. Kisha nikatoa yangu ndogo — ikakwama, kofi, ikafunguka — nikazima flashi.

Kivuli kilekile. Wazi kabisa.

Basi suala la kununua limekwisha. Kamera yangu ilikuwa inaona siku zote. Kanuni yangu ndiyo iliyoiwashia taa machoni. Na kidole ninacho tangu kuzaliwa, bure.

Nikailaza sarafu palepale pa juzi. Ukuta umeipita. Kidogo sana, unene wa karatasi. Labda sikuiweka vizuri. Nikaiweka mara nne.

Saa nne nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Fomu na picha mkononi. Akauliza ni ya kamera gani. Ile ya kawaida. Flashi? Nimeizima. Akasema basi haiingii kwenye faili, nikairudie kwa kanuni, na mkono wake tayari uko kwenye karatasi nyingine. Hakuitazama. Nyuma ya kichwa chake ule ukurasa wangu na mistari yake iliyonyooka.

Ningesema neno moja tu. Tazama. Nikarudisha picha kwenye bahasha, nikamshukuru — nikamshukuru! — nikatoka.

Naogopa. Wacha niandike, hakuna anayesoma. Fomu thelathini na tano, sahihi thelathini na tano, zote zangu. Atakayeuliza ataanzia hapo. Nikikosea, nitakuwa yule aliyewatoa watu majumbani kwa sababu ya sarafu. Nikiwa sahihi, ni vibaya zaidi.

Mchana nikampigia dada. Nikamwambia kesho walete miguu kwetu, yeye na watoto wote watatu, wakae hadi Jumapili. Akauliza kuna nini. Nikasema nimeazima kamera kubwa, nataka kuwapiga picha wapwa wangu kabla sijairudisha. Akauliza tangu lini mimi napiga picha za watu. Nikasema watu wanabadilika.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja saa tisa. Watoto wamevaa nguo za kutokea, viatu vimepakwa dawa, mdogo kachanwa nywele hadi analia. Mke wangu kamkumbatia wifi yake, kisha akanitazama mimi. Mikunjo yote aliyonayo ilikuwa inauliza.

Nimewapanga karibu na dirisha. Kla, kla, kla. Mjomba, tuone! Mjomba, nimefumba macho, rudia! Picha zimetoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Dada alikuja na mfuko mmoja mdogo. Nguo za kulalia siku moja. Kesho shule, anasema. Nikarudia: Jumapili. Akaweka kikombe chini, akanikagua kama alivyokuwa akinikagua nikirudi na shati lililochanika. Lakini akaanza tu kusimulia ya nyumbani. Maji yanakatika. Mlango wa fundi cherehani umeanza kugoma tangu jana. Asubuhi maskini ilibidi ausukume kwa bega ndipo ufunguke. Anasema ni mbao zimevimba.

Mvua haijanyesha wiki tatu.

Nikaingia chumbani, eti natafuta betri. Ndipo nilipo sasa. Saa kumi na moja jioni. Kwenye ngazi ile kuna milango kumi na miwili. Namba ya Bwana Fomu ninayo. Ya zimamoto ninayo pia. Imeandikwa kwenye ule ukurasa wangu, chini kabisa, herufi ndogo.

Dada amebisha. Ana simu. Ni fundi cherehani. Aliwaona watoto wakitoka wamependeza, akaambiwa mjomba anapiga picha. Naye hajapigwa picha tangu mumewe afariki. Ameshapiga pasi lile gauni la kijani. Anauliza aje leo hii, au atulie nyumbani anisubiri, kwa kuwa mwanzo wa mwezi lazima nitakwenda kumwona mchumba wangu.

Nimesema nakuja, namalizia kuandika.

Dada hajaondoka. Yuko mlangoni, ameziba simu kwa kiganja. Nasikia huko ndani ya kiganja mtu anacheka, anasubiri.

"Nimjibu nini, mdogo wangu?"