Aya ya Chini Kabisa

Malindi

Dada yangu Kaltuma,

Asalaam alaykum. Natumai wewe na shemeji mko wazima huko Kikambala. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama bado lamsumbua. Anakuombea dua kila baada ya swala.

Dada, uliponiita nikutengenezee tovuti ya ofisi yako ya kupeleka wasichana kazini Ghuba, nilikueleza kuwa watu hawausomi ukurasa kama kitabu. Macho huanza juu, hunasa vichwa na herufi nzito, kisha hurukaruka. Nikakwambia jambo kubwa liwekwe juu kwa maneno machache, maana aya ndefu ya chini haisomwi na mtu. Ukaniuliza tena: hata ya chini kabisa? Nikafurahi kuwa unajifunza.

Juzi alikuja Mwambire wa Ganda, babake Charity, yule msichana uliyempeleka Ghuba mwaka jana. Mkewe amefariki, wamemzika bila binti yao. Mwajiri kamnyima Charity pasipoti, kamwambia alikubali mwenyewe kutorudi kwao kabla mkataba kwisha, hata kwa msiba. Mwambire hakugomba. Alinipa simu yake akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika. Nionyeshe mlipotwambia."

Nikatafuta. Juu yalikuwa maneno yangu: mshahara, chumba, chakula, tiketi. Chini kabisa palikuwa na aya ndefu ya herufi ndogo ambayo sikuiandika mimi, na sentensi ile imebanwa katikati yake. Nilimsomea. Akanishukuru, akaenda zake. Shukrani ile imeniuma kuliko tusi.

Nilipokupigia ulisema imeandikwa, asiyesoma ni shauri yake. Kumbe mimi nilidhani nakufundisha kuonyesha, wewe ulikuwa ukijifunza mahali pa kuficha.

Sasa nikwambie nililofanya. Neno la siri la tovuti bado ninalo. Leo asubuhi nimeipandisha sentensi ile juu kabisa kwa herufi nzito, na chini yake nimeweka nambari ya Mwambire, kwa ruhusa yake, kwa mzazi atakaye kuuliza. Kabla ya adhuhuri wazazi walishaanza kumpigia. Waweza kuifuta, lakini waliokwisha kuiona wameiona.

Ukiwa umebaki na huruma, zungumza na mwajiri amwachilie Charity aje alione kaburi la mamake. Mama yetu sijamwambia kitu. Mwambie mwenyewe, maana akiniuliza sitamficha.

Nisalimie shemeji.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado na nisiyekuamini tena,

Nasiba