Si Moshi wa Kahawa Yako

Pasiansi, Mwanza

Mdogo wangu Koku,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Mgongo wako je? Na migomba? Mimi moyo umechoka, daktari hanifichi, ila furaha niliyo nayo itanifikisha hadi kaburini.

Juzi binti yangu Adela alinipeleka kliniki ya macho. Nikaweka kidevu kwenye mashine inayopiga picha nyuma ya jicho.

"Babu, usipepese!"

"Haya, mwalimu," nikamjibu mpiga picha. Wote wakacheka.

Jicho langu likatokea kwenye kompyuta, jekundu kama pera lililokatwa. Daktari akanionyesha mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo: umeliwa.

"Presha ya macho. Nani kwenu alipofuka?"

"Baba. Walisema ni moshi."

"Moshi hutoa machozi tu, babu. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo."

Hapo hapo Adela naye akapigwa picha. Kompyuta ikaonyesha yuko hatarini, lakini hajapoteza kitu. Matone ya kila jioni yatamlinda. Alicheza pale mlangoni, mama mzima, mkoba begani!

Sasa nisikilize, Koku. Mimi sikushangaa. Hao "walisema" ni mimi. Nilitamka mbele ya ukoo kwamba jiko lako, ulipokuwa ukichemsha kahawa ya kutafuna, ndilo lililompofusha baba. Mwaka uliofuata tabibu aliniambia ukweli, nikanyamaza. Nilikuwa mwalimu, sikutaka kusahihishwa. Wewe hukuchemsha kahawa tena. Wageni uliwapa ya sokoni, nami niliitafuna mkekani kwako bila aibu. Nilikukosea, mwana wa mama. Nisamehe. Nimeandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Panda meli uje upigwe picha. Daktari anasema ndugu wa damu wasisubiri giza, maana ugonjwa huu haubishi hodi. Adela atakupokea bandarini.

Msalimie shemeji, mpunguzie maneno. Mwambie katekista wetu kwamba toba yangu nimeanzia kwako, yeye atafuata.

Na kabla hujasafiri, washa jiko. Nichemshie kahawa uniletee, moshi upande mpaka majirani wauone, na wakiuliza, wasomee barua hii. Nina meno matatu, yanatosha.

Kaka yako Deo,
mwalimu aliyesahihishwa