Mringaringa wa Mama

Kaka Boazi,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Huku Igamba kahawa imechanua vizuri.

Jumatatu nilimpeleka Baba kwenye bustani ya miti na wanyama, pale kwenye shamba ulilouza. Tuliona pundamilia. Kisha tukafuata njia ya wageni hadi kwenye mringaringa tulioupanda kaburini kwa Mama, kaburi ambalo hukuwaambia wanunuzi kuwa lipo. Mti wameupigilia kibao chenye jina la kizungu.

Baba alipiga magoti, akaanza kung'oa magugu.

“Mzee, hapa hairuhusiwi kugusa mimea,” mlinzi alisema.

Baba akaomba radhi.

Alhamisi alifariki. Tumemzika Ihanda, kwa shangazi. Ukitaka kumwona Mama, wanafunga saa kumi na moja.

Mdogo wako,
Tabita